Kabla hujamkabidhi mtu paa lako, panda kwanza darini kwa mwingine

Tukifika hatua ya kupaua, watu wa Dar wote tunageuka wataalamu wa rangi. Mtu atazunguka maduka ya bati kutoka Buguruni mpaka Tegeta, atatuma picha kwenye grupu la familia, shangazi atasema nyekundu, wifi atasema kijivu ndio inaenda na wakati, mjadala unakula wiki mbili, halafu fundi wa kuzipandisha hizo bati anapatikana kwa dakika kumi pale pale dukani kwa sababu muuzaji kasema "nina kijana wangu mzuri sana". Na huyo kijana ndie atakaeshika mbao zako, misumari yako na hela yako, ndie atakaeamua kama miaka mitano ijayo unalala au unaamka saa nane usiku kupanga ndoo sebuleni.

Mi kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa msimamizi wa ujenzi wa ukoo, kazi ambayo sikuiomba wala silipwi. Kaka yangu yupo Muscat na anajenga Kibada huku Kigamboni, binamu zangu wana maboma Chanika, shangazi yuko Tanga, na yeyote akikwama ananipigia mimi. Kwa hiyo mafundi wa kupaua nimeongea nao wengi, wazuri na wale wa kanyaboya, na kuna kitu kimoja nimekishika na sikiachii: fundi wa paa hapimwi kwa paa unaloliona. Ukisimama barabarani mapaa yote mapya ni mazuri, yanang'aa, mistari imenyooka, kofia (zile bati za kufunika kilele) zimekaa. Kazi yenyewe iko chini ya bati, kwenye kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) na papi (mbao za kupigilia bati) na wolpleti (mbao inayolala juu ya ukuta), sehemu ambayo ikishapigwa dari hakuna mtu anaeiona tena mpaka siku mambo yaharibike.

Ndio maana fundi akiniambia ana kazi nzuri simwombi picha. Picha zipo tele na zinazunguka, nimeshaona nyumba hiyo hiyo moja ya vigae vya kahawia kwenye status za mafundi wawili tofauti na kila mmoja anasema ni yake. Namwambia nipeleke kwenye nyumba uliyoezeka zamani, isiwe ya mwaka huu wala mwaka jana, iwe imeshapigwa na masika kadhaa, na mwenye nyumba aniruhusu nichungulie darini. Hapo unaona sura za watu zinabadilika. Wengine wanaanza "ile nyumba mwenyewe amesafiri", "ile iko mbali dada", "we niamini tu". Mmoja aliniambia kabisa kwamba mama mzima hawezi kupanda dari, nikamwambia wewe nitafutie ngazi. Fundi anaejiamini anafurahi kuulizwa hivyo, ataanza kukuchagulia ipi ni karibu, na njiani anakusimulia nyumba zingine mnazopita, hii niliezeka mimi, ile pale kaezeka fulani akakosea kule nyuma.

Ukishafika darini, na tochi ya simu inatosha, usianze kutafuta matobo ya mwanga. Matobo ni ya mwisho. Angalia kwanza mbao zinapokutana, pale mguu wa kenchi unapokaa kwenye mbao ya chini, kama zimeshikana au kuna uwazi unaopitisha kidole. Angalia kama wamegonga msumari mmoja mmoja au wameweka vipande vya mbao pembeni kukaza. Tazama papi kwa urefu, weka jicho lako mwanzo mwa mbao ulenge mpaka mwisho, zikiwa zinapanda na kushuka ujue mbao zilikuwa mbichi au kenchi hazikusimamishwa kwa kamba. Nimewahi kuchungulia dari moja Mbagala kenchi zimekaa kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi, kila moja imeinama kivyake, na ukiwa nje nyumba ni nzuri hatari. Kisha angalia madoa. Doa la maji kwenye mbao lina mstari wa kahawia pembeni, halifutiki, hata kama kuvuja kulishazibwa litakwambia kulivuja wapi. Sehemu za kumulika zaidi ni chini ya vali (pale miteremko miwili inapokutana na kuunda mfereji), chini ya kofia, na pale bati linapogusana na ukuta. Katikati ya bati zima ni nadra sana maji kupita, labda kuwe na tundu la msumari lililokosewa likaachwa.

Halafu shuka uongee na mwenye nyumba bila fundi kuwepo karibu. Usimuulize "kazi ni nzuri?" maana atakujibu ndiyo, sisi hatupendi kuharibiana riziki. Muulize liliwahi kuvuja? Atasema ah kidogo tu mara moja. Sawa, alirudi? Alirudi lini, na akirudi alipanda kufanya nini? Paa kuvuja mara ya kwanza kwenye masika ya kwanza sio aibu sana, hata fundi hodari anaweza kusahau skurubu moja. Anaepokea simu, akaja, akatafuta chanzo, akafungua kofia na kuirudisha upya, huyo mshike. Akija na chupa ya silikoni tu akapaka juu juu na kuondoka, umeshajua atakachokufanyia na wewe, maana silikoni ya kupakwa juu juu bila kugusa chanzo haina maisha marefu, inabanduka, na safari ijayo inavuja pale pale.

Turudi kwa huyo kijana wa dukani. Sisemi wote ni wabaya, ila elewa biashara ilivyo. Duka linalokupa fundi mara nyingi lina maelewano nae, akikuletea orodha ndefu ya vifaa duka linauza zaidi na yeye anapata cha juu, kwa hiyo ile karatasi ya mahitaji ambayo wewe unadhani ni ya kitaalamu imeandikwa na mtu mwenye faida kwenye kila mstari. Shangazi wa Tanga alipata fundi wa namna hii, misumari na mbao zilizobaki baada ya kazi zilitosha banda la kuku na choo cha nje, na hizo ndizo tulizozikuta, zilizoondoka usiku hatuzijui. Kuna upande wa pili pia ambao watu hawausemi: fundi anaeandika pungufu makusudi ili aonekane wa bei nafuu, kazi unampa, halafu bati zikiwa nusu ya nyumba anakuja "bosi, zimepelea". Hapo huna ujanja, utanunua.

Dawa yake ni kumwambia akufanyie hesabu mbele yako kwa mdomo. Sio lazima uwe injinia. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 12. Sakafuni hiyo ni mita za mraba 120, na fundi maiko ataanzia hapo hapo. Lakini paa linatoka nje ya ukuta, tuseme sentimita 60 kila upande, basi tayari ni mita 11.2 kwa 13.2, karibu mita za mraba 148. Na paa limelala kwa mteremko, kwa hiyo eneo la bati ni kubwa kuliko kivuli chake: mteremko wa nyuzi 20 unakupeleka kwenye 157 hivi, wa nyuzi 30 unagonga kama 171. Hapo hujaweka bati zinavyolaliana, wala vipande vinavyokatwa kwenye pembe na kutupwa, ambavyo kwenye paa lenye makona mengi ni vingi kweli kweli. Fundi anaejua kazi yake hizi hesabu anazo kichwani, hata kama hatumii maneno ya shule atakwambia "hapa lazima tuongeze ya kuchinjia pembeni". Asieweza kukueleza namba kaipata wapi, kaiotea.

Na tofauti nyingine utaiona kwenye maswali anayokuuliza yeye. Mi siku hizi namwita fundi saiti, namkaribisha, nakaa kimya. Kuna atakaetazama boma kutoka getini, atapiga hatua mbili tatu, atataja bei. Na kuna atakaeanza: ramani iko wapi? Tenki la maji mnaweka juu au mna mnara? Mtafunga sola baadae? Dari itakuwa jipsamu au mbao? (maana jipsamu uzito wake sio sawa, na inahitaji mbao za kuishikia). Bahari iko umbali gani? Hapa mvua huwa inapiga kutokea upande gani? Hili la upepo wengi wanalidharau. Sisi wa pwani tuna kusi na tuna kaskazi, na bati zinatakiwa zianze kupangwa kutoka upande usiotokea upepo, ili ile mdomo wa bati linalolalia jenzake usitazame upepo unaokuja na mvua. Ukipanga kinyume maji yanasukumwa kwa chini yanaingia taratibu, hutaliona tobo hata ukimulika mchana kutwa.

Upepo wenyewe kazi yake kubwa haipo kwenye kubonyeza paa, ni kulinyonya liende juu. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika maeneo ya Mafia watu walishtuka kana kwamba vimbunga havijawahi kutugusa, wakati Lindi wazee wanakumbuka cha Aprili 1952, na Zanzibar kile cha 1872 kililaza mikarafuu karibu yote ya Unguja. Havitokei kila mwaka, sawa, ila hata upepo wa kawaida wa mvua unang'oa mapaa kila masika na ukiuliza utakuta paa limeondoka zima, mbao na bati zake pamoja, kwa sababu halikufungwa kwenye ukuta. Wolpleti iliwekwa tu juu ya tofali ikagongwa misumari ya zege mitatu minne basi. Inatakiwa vipande vya nondo au waya mnene viachwe vimetoka kwenye lenta ya juu (ule mkanda wa zege unaozunguka ukuta) wakati zege bado bichi, ndipo mbao ifungwe navyo. Shida ni kwamba lenta anamwaga mwashi, na fundi wa paa anakuja miezi sita baadae, kila mmoja anasema sio kazi yake. Kwa hiyo fundi wa kupaua mtafute mapema, kabla lenta haijamwagwa, mkutanishe na mwashi wasalimiane pale juu ya ukuta. Mwashi wa Kibada alinuna kidogo, akasema kazi yake haijawahi kusimamiwa na seremala, tukampa soda yakaisha.

Sasa mbao. Hapa ndio pesa inapotea kuliko kwenye bati na ndio nataka tukae kidogo.

Mbao nyingi za kupaulia zinazoshuka Dar ni za misonobari, wenyewe wanaita paini, zinatoka nyanda za juu kusini, Mafinga, Njombe, huko kwenye shamba la miti la Sao Hill wilayani Mufindi na mashamba ya watu binafsi yanayolizunguka. Paini bila dawa kwa mchwa wa pwani ni chakula tu. Dawa inayotumika sana ina shaba ndani yake na ndio inayoleta ule ukijani, na kufanya kazi inatakiwa iingizwe kwenye mbao kwa mgandamizo, kwenye mtungi mkubwa wa chuma, iingie ndani. Wajanja wanachovya tu, au wanapaka kwa brashi, mbao inakuwa ya kijani nje na nyeupe ndani. Muuzaji atakwambia zote ni za dawa na hasemi uongo sana, dawa imezigusa. Fundi mzuri akifika sokoni haangalii rangi, anaomba kipande kikatwe katikati, sio mwishoni maana mwishoni dawa inaingia kirahisi, anatazama ukijani umezama kiasi gani. Kiini cha mbao chenyewe dawa haikiingii vizuri hata ikisukumwa, hilo ni kawaida, lakini pembeni mwote panatakiwa pawe pamekolea. Nilikuwa nimesimama na fundi mmoja mtu mzima kule Buguruni, muuzaji akakataa kukata, mzee akamwambia "bas kijana, uza kwa wengine" tukaondoka, na hata hakubishana bei. Nikajua huyu ndie.

Uzito pia. Mbao mbichi ni nzito na baridi mkononi, ukiipandisha juu ikakaukia huko na jua letu itajikunja na kuvuta kila kitu kilichoshikana nayo. Na kuna jambo ambalo watu wengi wanaopaua kwa bati za aluzinki (bati za chuma zenye mipako ya aluminiamu na zinki) hawaambiwi, kwamba mbao yenye dawa ya shaba ikiwa bado mbichi na imegusana moja kwa moja na bati, ile shaba inakula mipako ya bati kutokea chini. Mbao iachwe ikauke kwanza, hilo ni la bure kabisa, linataka subira tu. Na jamani vile vipande vya mbao za dawa vinavyobaki saiti msiwape mama ntilie wakapikie, na msipikie wenyewe. Dawa nyingi za aina hii zina arseniki, na moshi wake na majivu yake ni sumu. Saiti zote nimekuta mafundi wanachemshia ugali kwa hizo, wanasema zinawaka vizuri.

Kwenye bati nitapita haraka kidogo maana mambo yake yanajulikana zaidi. Geji ikiwa namba kubwa bati ni nyembamba, yaani 28 ni nene kuliko 30 na 30 ni nene kuliko 32, bado nakutana na watu wanaonunua 32 wakidhani wamepanda daraja. Usiishie kwenye geji, uliza unene kwa milimita, kama fundi ana kile kipimo kidogo cha kubana bati mwache abane mbele ya muuzaji, na uulize ni unene wa chuma chenyewe au pamoja na rangi. Angalia alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango, na jina la kiwanda limepigwa kwenye bati lenyewe, karatasi ya ofa haitoshi. Viwanda vya siku nyingi kama ALAF, watu wananunua kwa jina na kuna wanaoliiga hilo jina. Aluzinki yenyewe ni mchanganyiko wa aluminiamu asilimia 55 na kinachobaki karibu chote ni zinki, na siri ya maisha yake ni ile mipako, ikichubuka ndio mwisho.

Na hapo ndio nawachuja mafundi kwa swali moja dogo: bati unakata na nini? Akisema grainda, tunaongea vizuri lakini moyoni nimeshamtoa. Grainda inaunguza mipako pale ilipopita, na zile cheche zinazoruka ni chembe za chuma cha moto zinazojibandika kwenye bati zingine, zinaoza, baada ya miezi bati jipya lina vidoadoa vya kutu kila mahali na unaenda kugombana na kiwanda. Bati linakatwa kwa mkasi wa bati. Ni polepole, mkono unauma, na ndio maana wavivu hawautaki. Mimi Kibada ambako upepo wa chumvi unafika bila kizuizi nisingekubali grainda hata kwa kushusha bei.

Misumari na skurubu nako kuna ubishi wake. Bati refu la mita 6, likilala usiku likaja kuchomwa na jua la saa saba, tofauti ya joto la nyuzi 40 hivi, linarefuka karibu milimita 3. Kila siku linakwenda na kurudi. Msumari unalegea polepole, unajitoa, utauona umeinua kichwa. Skurubu yenye raba inavumilia zaidi, ila ikikazwa kwa mashine bila huruma raba inapasuka au kupinda, na ikiachwa legelege maji yanapita. Fundi anaejua anakaza mpaka raba iguse vizuri, anaacha. Na anapiga kwenye mgongo wa bati kwa zile za migongo midogo, hapigi bondeni maji yanapopita. Mwangalie pia anavyokanyaga akiwa juu, mguu uko pale papi ilipo au anatembea popote kama yuko sebuleni kwake.

Kuhusu haya mapaa ya kuficha, yale ya ukuta umepanda juu paa halionekani, najua ndio fasheni na najua nitawaudhi wengi, mi siyapendi kwa mvua zetu. Maji yote ya nyumba unayapeleka kwenye mfereji uliojificha ndani ya kuta, mteremko wenyewe mdogo, majani ya mwembe wa jirani yanaziba tundu, na maji yakijaa yana njia moja tu, kuingia ndani. Paa la kawaida gata (mfereji wa pembeni) likiziba maji yanamwagika nje, unapiga kelele kidogo yameisha. Ila kama umeshaamua, basi kwa paa la namna hii fundi wa kawaida wa mtaani usimjaribie. Mwambie akueleze mfereji ataujenga kwa kitu gani, ataupanua kiasi gani, na tundu la kumwaga maji nje pale la kwanza likiziba ataliweka wapi. Ambae hajawahi kufikiria tundu la pili hajawahi kuitwa kurudi usiku wa mvua, au aliitwa akazima simu.

Sasa ni fundi au kampuni? Kisheria makandarasi wanasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliyotokana na sheria ya mwaka 1997, na kama mradi wako ni ghorofa au jengo la biashara usicheze, tafuta aliesajiliwa na uhakiki usajili wake kwenye bodi yenyewe, ile karatasi aliyoilaminisha isikutoshe. Kwa nyumba zetu hizi za vyumba vitatu ukweli ni kwamba wengi tunatumia fundi wa mtaani na vijana wake. Hapo cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kinasaidia, na siku hizi VETA wanawapima na kuwapa vyeti hata mafundi waliojifunzia kazini bila darasa, kwa hiyo ile sababu ya "mimi nilifundishwa na mjomba" sio kikwazo tena kwa anaetaka. Lakini cheti bila kuchungulia dari mi bado hakinitoshi. Na uliza nani hasa atapanda juu. Kuna mafundi wana maneno na uzoefu wa kweli, wanachukua kazi tano kwa mpigo, kwako analeta deiwaka wawili waliokutana asubuhi hiyo hiyo kituoni, yeye anapita jioni na pikipiki kuchukua hela.

Hela zenyewe. Ufundi lipa peke yake, vifaa nunua mwenyewe au mtu wako, risiti ya mashine mkononi. Fundi akilazimisha umpe pesa za vifaa zote akanunue yeye, mwambie mtaenda wote. Kuhusu advansi, nusu ya ufundi kabla hata mbao moja haijapanda ni nyingi mno, atakuwa na wewe kwa siku tatu halafu apate kazi nyingine yenye advansi mpya, unabaki na kenchi zimesimama uchi. Tulichofanya Kibada ni kugawa kwa hatua: kidogo cha kuanzia, kingine kenchi zikisimama na papi zikipigwa, na hapo kabla bati halijapanda nikapanda mimi na fundi mwingine tuliemlipa kwa ajili ya kuangalia tu, kingine bati na kofia zikiisha. Kipande cha mwisho kikabaki mkononi mwetu mpaka mvua inyeshe. Fundi alilalamika, "mama, mvua si mpaka Machi?" nikamwambia hata vuli inatosha, we omba Mungu inyeshe mapema.

Haya yote yaliandikwa kwenye karatasi moja ya daftari, siku za kazi, hatua za malipo, nani analeta ngazi na kamba, tukasaini na mjumbe akashuhudia. Tukaandika pia habari ya kuumia. Watu hawapendi kuongelea hili wanaona ni kuita balaa, lakini vijana wanapanda na kandambili, hakuna mkanda, hakuna kamba, na kijana akianguka kutoka kwenye boma lako familia yake inakuja kwako, sio kwa fundi mkuu. Kwetu tulinunua kamba na mikanda miwili. Siku ya kwanza walicheka, siku ya pili upepo ulipovuma bati likiwa mkononi hawakucheka.

Kaka kutoka Muscat yeye alikuwa na haraka, anataka bati zipande kabla ya masika, kila siku simu, "dada, mbona jirani yangu kaezeka kwa siku nne?" Kila Februari ni hivyo hivyo, mji mzima unataka kupaua kwa wakati mmoja, mafundi wazuri wameshachukuliwa, wanaobaki wanapandisha bei na kushusha umakini. Ukiweza tafuta fundi kuanzia Juni au Julai mvua zikishakata, yuko huru, ana muda wa kukupeleka kuona kazi zake za nyuma, mbao zinapata jua la kukauka, na bei inaongeleka. Mi nilimjibu kaka kwamba nyumba ya huyo jirani yake naijua, na nikamtumia video ya darini kwake niliyoruhusiwa kupiga. Hakuuliza tena kuhusu siku nne, aliuliza ile mikanda iligharimu shilingi ngapi.